Moto Ukizimwa, Habari Zake Zisizimwe

Siku moja nilikwenda katika kijiji kimoja cha wilaya yetu ya Bagamoyo kutembelea darasa la kisomo. Nilifika saa nne asubuhi. Darasani hapakuwa na mtu. Ubao ulikuwepo, chaki ilikuwepo, lakini viti vilikuwa vitupu. Nikaona moshi mwembamba nyuma ya minazi. Nikaufuata.

Usiku ule nyumba moja ilikuwa imeungua. Wanakisomo wote walikuwa pale. Wengine walikuwa wanafukua majivu, wengine wanampa pole mwenye nyumba. Kibatari kiliangushwa na paka, moto ukashika chandarua, kisha ukapanda juu kwenye makuti. Hakuna aliyekufa. Lakini nguo, chakula cha miezi mitatu na madaftari ya watoto vyote vilikwisha.

Jambo lililonishangaza ni nyumba ya jirani. Ilikuwa hatua tano tu kutoka pale, nayo ni ya makuti vilevile. Lakini haikuungua. Ilikuwa nzima, ila upande mmoja haukuwa na paa. Nikauliza, "Hii imeponaje?"

Mama mmoja akanionyesha mzee aliyekaa chini ya mwembe. "Muulize babu. Yeye ndiye aliyeiokoa."

Nikaenda. "Shikamoo babu."

"Marahaba mwalimu. Karibu, kaa."

Pembeni yake palilazwa mti mrefu, kama upembo wa kuangulia maembe. Lakini nchani ulikuwa na chuma kilichopindwa kama ndoana kubwa. Babu akaeleza hivi:

"Vijana walikuwa wanakimbizana na ndoo. Kisima chenyewe kiko mbali. Ndoo ikifika, nusu imemwagika njiani. Wanaumwagia moto kama wanamwagilia mchicha! Nikawaambia, jamani, hiyo inayowaka imeshakwenda. Iacheni. Ezueni ya jirani! Mwenyewe akanijia juu. Akasema, nyumba yangu haijashika moto, mbona mnaniezulia? Nikamwambia, makuti utapata mengine wiki ijayo, nyumba hutaipata. Basi tukaezua. Cheche zikaruka, zikakosa pa kushika."

Nilimwuliza habari za ule upembo. Alisema aliachiwa na baba yake. Zamani, alisema, watu wa mtaa walijua umewekwa kwenye baraza ya nani. Moto ukitokea mtu hakuuliza, alikwenda kuuchukua.

Nilimwahidi babu kwamba nitarudi kuandika habari zake. Sikurudi upesi. Kazi zilikuwa nyingi. Niliporudi baada ya mwaka mmoja, babu alikuwa ameshafariki. Upembo je? Mjukuu wake aliniambia, "Mwalimu, alipita mnunuzi wa vyuma chakavu. Tukamwuzia." Fedha waliyopata ilitosha kununua sukari robo kilo.

Sikumlaumu kijana yule. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeahidi nisirudi. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: elimu kama ile ya babu iwekwe wapi ili isipotee? Jibu moja ni makumbusho. Leo nataka tuzungumze juu ya makumbusho ya moto, na namna sisi watu wa vijijini tunavyoweza kuyasaidia.

MAKUMBUSHO NI NINI?

Makumbusho ni nyumba ya kutunzia vitu vya zamani na habari zake. Neno lenyewe linajieleza. Linatokana na kukumbusha. Kitu kinawekwa pale ili kitukumbushe walivyoishi waliotutangulia, walivyofanya kazi, na walivyopatwa na mambo.

Sisi watu wa Bagamoyo hatuna haja ya kwenda mbali kuona makumbusho. Pale Misheni, iliyoanzishwa mwaka 1868, kuna makumbusho yanayoeleza habari za biashara ya watumwa na za wamisionari. Kuna Caravan Serai, mahali palipohusika na misafara iliyotoka bara na pembe za ndovu. Kuna magofu ya Kaole, yenye misikiti na makaburi ya mamia ya miaka. Wageni hutoka Ulaya na Marekani kuja kutazama. Lakini wako watu waliozaliwa hapa hapa, wamezeeka, na hawajaingia hata siku moja. Hudhani ni mambo ya wazungu na wanafunzi.

Si kweli, ndugu zangu. Makumbusho ni ghala la elimu. Mkulima haweki mbegu ghalani kwa ajili ya mgeni. Anaiweka kwa ajili ya msimu ujao.

MAKUMBUSHO YA MOTO

Katika nchi nyingi kuna makumbusho ya moto. Humo huwekwa vifaa vya zamani vya kuzimia moto, picha za mioto mikubwa iliyotokea, na mafunzo ya kujikinga.

Mfano mmoja uko Tokyo, mji mkuu wa Japani. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 1992, na kuingia ni bure. Wajapani wanaujua moto vizuri. Zamani mji wao ulikuwa wa nyumba za mbao zilizobanana. Mwaka 1657 moto uliunguza sehemu kubwa ya mji, na inakadiriwa kwamba waliokufa walifikia watu laki moja. Baada ya hapo walijenga upya kwa kuacha nafasi pana za kuzuia moto, na wakaunda vikosi vya wazima moto.

Vikosi hivyo havikuwa na magari wala mipira ya maji. Walifanya nini? Walikuwa na miti yenye kulabu za chuma. Moto ukitokea, waliwahi nyumba zilizo mbele ya moto wakazivuta, wakazibomoa, ili moto ukose chakula. Hebu fikiri. Elimu ile ile aliyokuwa nayo babu yetu wa chini ya mwembe! Kule kulabu za wazima moto zimehifadhiwa, na watoto wa shule huzitazama. Huku kwetu imeuzwa kwa sukari robo kilo.

Waingereza nao walitumia kulabu kama hizo. Mwaka 1666 moto ulianza usiku katika nyumba ya mwoka mikate mjini London. Meya wa mji alisita kuamuru nyumba zilizo mbele ya moto zivunjwe. Kuvunja nyumba ya mtu ambayo bado nzima ni jambo zito. Wakati anasita, moto ukaendelea. Uliwaka kwa siku nne na kuunguza nyumba zaidi ya 13,000. Baadaye iliamriwa kwamba nyumba mpya zijengwe kwa matofali au mawe.

Babu hakusoma habari za London. Lakini hakusita.

SOMO LISILOTUFIKIA

Labda utasema, "Mwalimu, hayo ni mambo ya zamani na ya mbali. Yatatusaidia nini?" Basi nikupe mambo ya karibu.

Mwezi wa Januari mwaka 2009 lori la petroli lilipinduka mahali paitwapo Sachangwan, nchini Kenya. Watu wakakimbilia na madumu kuchota mafuta. Moto ukalipuka. Watu zaidi ya 100 wakafa.

Mwaka uliofuata, tarehe 2 Julai 2010, lori jingine la mafuta lilipinduka katika kijiji cha Sange, Kivu ya Kusini, nchini Kongo. Huko nako watu wanasema Kiswahili kama sisi. Wakakusanyika kuchota. Moto ukalipuka, ukaingia hata katika nyumba. Watu zaidi ya 200 wakafa.

Kisha, tarehe 10 Agosti 2019, ikawa zamu yetu. Lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, Morogoro. Watu wakaja na madumu na ndoo. Moto ukalipuka. Zaidi ya 100 wakafa, na wengi walikuwa vijana wenye nguvu.

Je, somo halikuwepo? Lilikuwepo. Watu wa Sachangwan na wa Sange walikwisha kulipa gharama yake. Lakini lilitangazwa siku chache kisha likasahauliwa. Halikuwa na mahali pa kukaa. Barabara kubwa ziendazo Morogoro na Arusha zinaachana pale Chalinze. Malori ya mafuta hupita hapo usiku na mchana. Kijana wa Chalinze mwenye miaka kumi leo, nani atamweleza habari za Msamvu atakapokuwa na miaka ishirini?

Tazameni na shule zetu. Mwaka 1994 bweni la shule ya sekondari ya Shauritanga, wilaya ya Rombo, liliungua usiku. Wasichana wapatao 40 walikufa. Mwaka 2009 bweni la shule ya sekondari ya Idodi, mkoa wa Iringa, likaungua. Wasichana 12 walikufa. Kote kuwili ilitajwa mishumaa. Miaka kumi na mitano ilipita, na mshumaa ulikuwa ungali bwenini.

Hiyo ndiyo kazi ya makumbusho ya moto. Ni kulifanya somo likae, ili asiyekuwepo naye alione. Jambo likisemwa tu, upepo huchukua. Likiandikwa na kuwekwa mahali, litamsubiri atakayekuja.

MAFIGA MATATU YA MOTO

Katika makumbusho ya moto mtu hufundishwa kwanza moto ni nini. Mimi huwaeleza wanakisomo wangu kwa mafiga. Sufuria hukaa juu ya mafiga matatu. Ukiondoa figa moja, sufuria huanguka. Moto nao una mafiga yake matatu:

Figa la kwanza ni kitu cha kuungua. Makuti, makumbi, nguo, karatasi, mafuta.

Figa la pili ni joto. Njiti ya kiberiti, cheche, kibatari, waya wa umeme ulioshika joto.

Figa la tatu ni hewa. Ndiyo maana tunapuliza jiko likisinzia.

Kila njia ya kuzima moto ni kuondoa figa moja. Babu alipoezua makuti aliondoa figa la kwanza. Ukifyeka majani kuzunguka shamba kabla ya kuchoma takataka, nawe umeondoa figa la kwanza. Ukimwaga maji juu ya kuni zinazowaka, umeondoa joto. Ukifukia kwa mchanga, umezuia hewa.

Lakini angalia sana! Si kila moto unazimwa kwa maji. Mafuta ya kupikia yakiwaka kwenye kikaango, usimwage maji. Mafuta yataruka na moto juu yake. Funika kikaango kwa mfuniko, uondoe moto wa chini kama unaweza, uache mpaka kipoe. Petroli au mafuta ya taa yakimwagika na kuwaka kidogo, tumia mchanga. Umeme ukiwaka, usiguse wala usimwage maji. Zima kwanza swichi kubwa ya nyumba.

Nguo ikishika moto mwilini, usikimbie. Kukimbia ni kuupuliza. Lala chini ujigaragaze. Nyumba ikijaa moshi, tambaa, maana hewa nzuri iko chini. Aliyeungua mwagie maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, kisha umpeleke zahanati. Usimpake mafuta wala dawa ya meno.

Na moto ukikushinda, toka nje. Piga kelele. Piga simu namba 114. Hiyo ni namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na huhitaji fedha kwenye simu. Jeshi hili liliwekewa sheria yake mwaka 2007. Kabla ya hapo wazima moto wa mijini walikuwa chini ya halmashauri. Lakini tuseme ukweli. Gari la zimamoto litoke mjini, lipite barabara ya vumbi, lifike kijijini, moto wa makuti utakuwa umeshakwisha kazi yake. Kwa hiyo kijijini mzima moto wa kwanza ni wewe na jirani yako.

MAKUMBUSHO NAYO HUUNGUA

Ziko habari nyingine za kusikitisha. Nyumba inayotunza kumbukumbu nayo inaweza kuteketea.

Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Brazili, mjini Rio de Janeiro, yaliungua. Yalikuwa yametimiza miaka 200. Yalikuwa na vitu wapatao milioni 20 kwa hesabu yao, na sehemu kubwa ilipotea. Wazima moto walifika. Lakini mabomba ya maji ya karibu hayakuwa na maji ya kutosha, ikabidi maji yaletwe kwa malori. Na kwa miaka mingi makumbusho yale yalikuwa yanalia kukosa fedha za matengenezo. Watu waliyapenda, lakini kuyapenda hakukutosha. Nyumba ilihitaji maji na ukarabati.

Jirani zetu wa Uganda walipata msiba wao tarehe 16 Machi 2010. Makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, Kampala, yaliungua. Nyumba kubwa ile ilikuwa imeezekwa kwa nyasi, na tangu mwaka 2001 ilikuwa katika orodha ya urithi wa dunia. Watu walilia barabarani. Waliijenga upya kwa muda mrefu, na safari hii walifikiria pia vifaa vya kuzimia moto na mafunzo. Mwaka 2023 iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Na sisi Bagamoyo tumeonja. Mwaka 2002 jumba la maonyesho la Chuo cha Sanaa liliteketea kwa moto. Chuo kile kilianza mwaka 1981, na sasa kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Jumba lilijengwa tena. Lakini vijana wengi wa leo wanaocheza ngoma pale hawajui kwamba kulikuwa na jumba jingine.

Wajapani waliamua kutosahau. Tarehe 26 Januari 1949 moto uliharibu michoro ya ukutani katika hekalu la Horyu-ji, michoro iliyokuwa imedumu zaidi ya miaka 1,200. Tangu mwaka 1955, kila ifikapo tarehe 26 Januari, watu wa mahekalu na makumbusho hufanya mazoezi ya kuzima moto. Wanatoa mipira ya maji, wanaangalia kama maji yanatoka, wanafundisha vijana. Msiba wameugeuza kuwa siku ya mafunzo.

TUTASAIDIAJE?

Wanakisomo wakisikia neno "kusaidia" hufikiri fedha. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mimi nimeuza muhogo elfu tano, nitasaidia jumba gani?" Yako mambo mengi yasiyotaka fedha nyingi.

1. Nendeni mkaone. Darasa zima lipange siku moja. Kiingilio mnacholipa husaidia kutunza nyumba ile. Mkifika, ulizeni. Je, nyumba hii ina ndoo za mchanga? Maji yako wapi? Mlango wa kutokea uko wapi? Mwenye nyumba akiulizwa, huangalia.

2. Tunzeni vifaa vya zamani. Kulabu, mapembo ya chuma, madebe ya maji, kengele au baragumu iliyopigwa kuita watu. Usikimbilie kumwuzia mnunuzi wa chuma chakavu. Usikipake rangi na usikisugue mpaka king'ae. Kutu yake na alama za kuungua ndizo habari zake.

3. Ukitoa kitu kwa makumbusho, taka hati. Iandikwe umekitoa moja kwa moja au umekiazima. Liandikwe jina lako. Sasa unajua kusoma, usitie sahihi karatasi ambayo hujaisoma.

4. Mkichanga fedha, ziwe na daftari na risiti. Fedha isiyo na daftari huzaa ugomvi.

5. Toeni nguvu zenu. Majani makavu yanayozunguka magofu na nyumba za zamani ni hatari wakati wa kiangazi. Siku moja ya kufyeka inaweza kuokoa nyumba ya miaka 100.

6. Anzeni kijijini. Wekeni kona ya moto katika ofisi ya kijiji au katika darasa la kisomo. Meza moja inatosha. Wekeni kifaa kimoja, picha moja, karatasi yenye namba 114, na daftari la habari za moto. Nje wekeni upembo wa chuma na ndoo za mchanga, kila mtu ajue vilipo. Hapo hamtakuwa mmeweka kumbukumbu tu. Mtakuwa mmeweka na kinga.

KAZI AMBAYO WEWE UNAIWEZA

Jambo la sita lina daftari ndani yake. Hapo ndipo nyinyi mliohitimu kisomo mnapohitajika kuliko wote. Wazee wanazo habari, lakini wengi hawakujaliwa kuandika. Vijana wanaandika, lakini wengi wako mjini. Nyinyi mko hapa, na kalamu mnayo.

Mwendee mzee mmoja. Mwamkie. Usimwulize maneno mengi kwa mara moja. Muulize haya: Moto gani mkubwa unaukumbuka? Ulikuwa mwaka gani? Kama hajui mwaka, muulize ulikuwa kabla au baada ya jambo gani, kama vile Uhuru wa mwaka 1961 au mvua kubwa za mwaka 1998. Moto ulianzaje? Nani aliuona kwanza? Watu walifanya nini kilichosaidia? Walifanya nini kilichoharibu? Andika kama anavyosema, usimrekebishe. Mwisho msomee, aseme kama ndivyo.

Na kila kitu mnachokiweka mezani kiwe na karatasi ya maelezo. Kwa mfano:

"UPEMBO WA KUEZULIA. Mti na chuma. Ulitumika kuvuta makuti ya nyumba iliyo karibu na moto. Uliwekwa kwenye baraza, kila mtu wa mtaa aliweza kuuchukua."

Maneno machache tu. Bila maneno hayo, atakayeuona baada ya miaka 50 atadhani ni upembo wa maembe.

Sasa nimalizie habari za babu. Siku ile niliyorudi nikakuta ameshafariki, niliwaeleza wanakisomo jinsi nilivyohuzunika. Nikasema elimu yake imezikwa naye. Mama mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono. Alikuwa amejifunza kusoma mwaka uleule. Akasema, "Mwalimu, mimi niliandika kidogo."

Akatoa daftari. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Herufi kubwa kubwa, zimepanda na kushuka, na maneno mengine yameungana. Lakini yote yalikuwemo: paka na kibatari, kisima cha mbali, jirani aliyekataa, na neno la babu, "Ezueni." Chini aliandika kwamba nyumba haipaswi kujengwa karibu na nyingine kwa hatua tano, bora kumi na tano. Hayo babu hakuniambia mimi. Alimwambia yeye.

Nilimwuliza kwa nini aliandika. Akasema, "Nyumba iliyoezuliwa ilikuwa yangu. Mume wangu ndiye aliyekataa."

Kulabu ya babu imeshayeyushwa, hatutaipata tena. Lakini ukurasa ule upo. Mwaka huu darasa lile limeamua kutengeneza upembo mwingine kwa fundi chuma, na kuuweka pamoja na nakala ya ukurasa ule. Fundi alipouliza chuma kipindwe vipi, walimsomea.

Ndugu msomaji, katika kijiji chako mzee wa namna hiyo yuko. Mwendee wiki hii. Usifanye kama nilivyofanya mimi.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kuezua: kuondoa makuti au nyasi za paa. Kinyume chake ni kuezeka.

Kulabu: chuma kilichopindwa kwa ajili ya kuvutia au kunasia kitu.

Makumbusho: nyumba ya kutunzia vitu na habari za zamani.

Urithi: mali au elimu tuliyoachiwa na waliotutangulia.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Moto mkubwa wa mwisho katika kijiji chenu ulitokea lini? Nani anaukumbuka?

2. Taja mafiga matatu ya moto. Ukiwa na mchanga tu, utaondoa figa lipi?

3. Kwa nini jirani alikataa nyumba yake kuezuliwa? Wewe ungekubali?

4. Lori la mafuta likipinduka karibu na kijiji chenu, nani atawazuia watu wasikaribie? Pangeni sasa.

5. Kona ya moto ya kijiji chenu iwekwe wapi, na nani atatunza daftari?